Simu zinawafikisha vijana debeni, au zinawaacha njiani?

Mwalimu wa Njoro: Uchaguzi wetu wa Kenya wa Agosti 2027 unakaribia, nami naona heri tulizungumze jambo hili mapema. Juni 2024 vijana waliitana kupitia X na TikTok kuupinga Mswada wa Fedha, wakajaa barabarani Nakuru, Kisumu na Kakamega, hata Rais akakataa kuutia saini. Lakini katika daftari la 2022, wapiga kura wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, tena walikuwa wamepungua kuliko 2017. Je, mitandao inawapeleka vijana debeni, au inawashibisha kelele, kama wale wa Kondele, Kisumu, ambao kila uchaguzi kwao ni mawe asubuhi na video jioni?

Mkazi wa Kondele: Mwalimu, nakuheshimu, lakini hilo la mawe ungelimeza. Mwaka 2022 waliojitokeza nchini walikuwa takriban asilimia 65, na Kaunti ya Kisumu iliupita wastani huo. Foleni yetu ilianza kabla ya alfajiri, na vijana walikuwamo. Wala uongo wa uchaguzi mimi siupati TikTok. Naupata katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambako baba zetu wakubwa kwa wadogo husambaza kila kinachowafikia bila kuuliza kimetoka wapi.

Mzee wa Kakamega: Mwanangu, sisi wazee tumekukosea nini? Mwaka 2017 ile video ya kutisha kumhusu Raila ililetwa na Wazungu wa Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni, ikalipiwa fedha ili imfikie kila mtu anayetafuta habari kwenye intaneti. Huyo mzee wa WhatsApp analipwa na nani?

Kijana wa Kaptembwo: Mzee, tutenganishe mambo. Video hiyo ilihusishwa na Harris Media, kampuni ya Texas. Cambridge Analytica ni wale ambao mkubwa wao mmoja alinaswa na kamera za siri za Channel 4, televisheni ya Uingereza, katika habari iliyorushwa Machi 2018, akijigamba kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017 na hata kuandika ilani ya chama. Hata hivyo kuna anayelipia uongo na kuna anayeueneza bure, kwa hiyo mzee wa WhatsApp hajaponyoka.

Mwalimu wa Njoro: Nimeuliza habari za debe, mnanijibu habari za video.

Mkazi wa Kondele: Ulianza wewe na mawe, Mwalimu. Haya, debe. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila mwenyekiti tangu Januari 2023 hadi makamishna wapya walipoapishwa Julai 2025, na uandikishaji ukarejea Septemba mwaka huo katika ofisi za maeneo bunge. Aliyetimiza miaka 18 katika kipindi hicho angejiandikisha wapi? Simu haichukui alama za vidole, na kijana anayeishi mbali na ofisi anahitaji kitambulisho na nauli, ambavyo TikTok haimpi.

Kijana wa Kaptembwo: Ongeza kwamba 2022, tume ilipoweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti yake, mtaani kwetu ni vijana waliokesha wakizijumlisha.

Mzee wa Kakamega: Fomu hizo mimi nilizipokea katika kundi la ukoo, na zilikuwa za kweli.

Mkazi wa Kondele: Aliyezituma alikuwa na umri gani, Mzee?