Morris Minor ya mjomba inazima kwenye foleni, fundi anataka kuweka injini ya Toyota

Mtoto_wa_Tabata:
Wakuu habari za mchana. Mjomba kaniachia Morris Minor 1000 ya mwaka 58, ilikuwa imelala Moshi miaka kibao nikaipandisha kwenye Fuso mpaka Dar. Asubuhi inawaka fresh, natoka Tabata poa kabisa, ila jua likishapanda nikiingia foleni ya Buguruni inakohoa mara mbili inazima jumla. Nikikaa kama nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi kabadilisha plagi, koili, kasafisha karbureta, hela imeenda na ugonjwa uko palepale. Sasa anasema dawa ni kuchomoa injini aweke ya Toyota. Halafu redio niliyofunga juzi imeungua siku hiyohiyo, moshi kabisa. Haya magari ya Mwingereza ndivyo yalivyo au nimerogwa?

Kipanga77:
Uza nunua IST mkuu. Hiyo weka sebuleni upigie picha 😂

SpanaZaInchi:
Hujarogwa, na injini ya Toyota kataa. Hiyo yako ya cc 948 ni ukoo mmoja na ya Mini, kale kagari kadogo ka Mwingereza, spea zake Uingereza zinatengenezwa mpya mpaka leo. Ukiweka ya Toyota ataanza kukata bodi, giaboksi haikai, propela shafti haifiki, mwisho una kitu ambacho si Morris wala si Corolla.

Fungua boneti, kwenye ukuta nyuma ya injini kuna pampu ya petroli ya umeme, imeandikwa SU, ndo jina la kampuni. Ukiwasha swichi kabla hujavuta stata lazima ilie tk tk tk halafu inyamaze. Ndani ina pointi kama za distribyuta, yaani vichuma viwili vinavyogusana kupitisha umeme, zikichakaa inagoma pale inapojisikia. Siku ikizima usikimbilie plagi, washa swichi usikilize. Kimya? Igonge kidogo na mpini wa bisibisi, ikianza kulia basi mchawi wako ndo huyo. Ikilia mfululizo bila kunyamaza hiyo ni kesi nyingine, inavuta hewa au tenki kavu.

Redio umeiua mwenyewe, gari za Mwingereza za enzi hizo athi yake ni chanya, yaani chanya ya betri ndo inaenda kwenye bodi, wakati redio za sasa zinataka hasi ndo iende huko. Na huyo fundi kama amewahi kufungua betri hebu kaangalie aliirudishaje.

MzeeWaChangombe:
Kijana, mimi niliendesha moja miaka ya 70. Injini haikuniangusha, kilichoniangusha ni mguu wa mbele. Pale chini unazunguka kwenye nyuzi kama za skrubu, kuna nipeli za grisi na inatakiwa ipigwe kila maili 1,000. Nikajisahau miezi, siku nakata kona tairi likalala kama mbuzi kapiga magoti, bahati nilikuwa mwendo wa pole.

Oili ya breki inajaziwa chini ya kapeti, miguuni kwa dereva. Vijana wanaitafuta kwenye boneti hawaioni wanaacha, utakuja kukanyaga hewa.

Na hiyo gari haina chesesi, bodi ndiyo chesesi. Kwa chumvi hii yetu chukua bisibisi uchome chini ya milango. Ikizama usikubali puti, akate achomelee bati. Kama indiketa zake ni zile za mkono unaochomoka ubavuni basi Dar usizitegemee, bodaboda ataondoka nao, toa mkono dirishani.

Mtoto_wa_Tabata:
Shikamoo mzee. @SpanaZaInchi wewe ni mtu mbaya, leo imezima Tazara katikati kabisa, nimewasha swichi kimya, nikavua kiatu nikagonga pampu na kisigino, tk tk tk ikawaka!! Konda wa daladala akawa anapiga kelele dereva unaichapa gari kama punda. Betri nimeangalia, chanya iko kwenye bodi, afadhali. Pointi za pampu naagiza kwa dada yupo Uingereza. Ila bisibisi imezama, mlango wa kushoto, tena imezama yote.

MzeeWaChangombe:
Marahaba. Usiipeleke kwa huyo fundi wako. Nipigie grisi kwanza miguu ya mbele halafu Jumamosi uilete taratibu, kwa njia ya Uhuru usipite mashimoni.

Kipanga77:
IST mlango hauzamagi bisibisi, nasema tu