Naomba ushauri: kaseti ya Ogre Battle, niiuze hivi hivi au niitengeneze kwanza?

Wakuu habari zenu. Niko Minneapolis, Marekani. Jirani kahama, kaniachia katoni la vitu vyake, ndani nimekuta kaseti ya gemu la Ogre Battle, ya mashine ya gemu ya Super Nintendo, toleo la Marekani la 1995. Boksi lake halipo. Kitabu cha maelekezo kipo, ila kona moja imetafunwa na panya.

Inawaka vizuri, lakini nikisevu gemu halafu nikazima, kila kitu kinafutika. Nahisi betri ya ndani ya kaseti, inayotunza sevu, imekufa, na kwa miaka 30 siilaumu. Nibadilishe kabla ya kuuza, au wakusanyaji wa gemu za zamani wanataka isiguswe? Na feki naitambuaje bila kuifungua?

Kuna jamaa kashatoa ofa ya dola 40, anataka jibu leo leo. Haraka yake ndiyo inanitia wasiwasi.