Bahari inakula ufukwe wetu Pangani: nijenge ukuta au nirudi nyuma?

Mtoto wa Mnazini:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya bahari na ujenzi, au yeyote aliyewahi kukutwa na hili.

Nipo pwani ya Pangani, kusini ya mto. Marehemu baba alituachia eneo lenye minazi na mabanda manne ya wageni. Nilipokuwa mdogo, kutoka barazani kwenda majini ulikuwa ni mwendo, mchanga wa saa saba unakuunguza nyayo mpaka unakimbia. Bamvua iliyopita, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, nimehesabu hatua 18 tu, toka kizingiti cha banda la mbele hadi maji yalipofika. Mivinje miwili imeshalala. Mnazi alioupanda baba mwenyewe umening'inia, mizizi yote nje, na mchanga chini yake umekatwa wima kama kwa panga. Ukikaa pale maji yakijaa unasikia bonge linadondoka, kimya kidogo, linadondoka jingine.

Jirani yangu wa kusini alijenga ukuta wa mawe miaka mitatu iliyopita. Nyumba yake imesalimika, ila tangu hapo kwangu ndiyo kumezidi. Fundi amenikadiria mita 40 za ukuta, na pesa yenyewe haipatikani bila kuuza shamba la korosho la mama. Mama amesema niuze. Mimi moyo unasita. Nikijenga nitapona kweli?

Nahodha Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Mimi kisiwa cha Maziwi hapo mbele yenu nimekiona kikiwa na miti. Tulikuwa tunatia nanga na kupumzika chini ya mivinje. Ilipofika 1978, 1979 hivi, kikawa kimekwisha. Leo maji yakipwa unaona fungu la mchanga, yakijaa huoni kitu. Kasa bado wanarudi kutaga palepale, na mayai yao inabidi yahamishiwe bara yasizame. Wazee wengi tunaamini kukata miti kulichangia. Usikate hata mti mmoja uliobaki, na banda la mbele lihamishe mapema ungali na nguvu.

Fundi Mawe:
Mkuu, kuta za baharini nimejenga, na mmoja wapo umelala, kwa hiyo nakwambia nililoliona. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima halifi, linarudi chini na kuchimba mchanga kwenye mguu wa ukuta. Mwaka wa kwanza huoni tatizo. Wa pili msingi unaanza kuonekana. Fundi asipozama chini vya kutosha, ukuta unainamia baharini wenyewe. Na ule ufukwe wa mbele unapotea, maana maji hayana tena pa kutulia.

Halafu angalia kwenye ncha. Ukuta unapoishia, maji yanazunguka na kula pembeni. Ndicho kinachokupata wewe kutoka kwa jirani, na wewe ukijenga utampelekea wa kaskazini yako. Wageni wako wanafuata mchanga au wanafuata mawe?

Bi Mchu:
Kaka, kabla hujauza shamba la mama naomba unijibu. Hizo hatua 18 umepima mwezi gani? Mnafagia majani ya bahari asubuhi? Na mchanga wa kujengea hapo kijijini unatoka wapi?

Mtoto wa Mnazini:
Dada, nimepima Februari. Majani tunafagia kwa reki kila siku, wageni hawayapendi. Mchanga watu wanachota mtoni na wengine hapahapa ufukweni. Hata sakafu ya banda la nne niliweka mchanga wa hapa, sikufichi.

Bi Mchu:
Ahsante kwa ukweli wako. Sasa sikiliza.

Februari ni msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Kwenye pwani yetu kaskazi husukuma mchanga kuelekea kusini, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiingia huurudisha kaskazini. Ukipima msimu mmoja unaweza kuogopa kupita kiasi, au kufarijika bure. Piga vigingi vitatu mbali na maji, pima kutoka hapo kila bamvua, mwaka mzima. Ukiona kusi imepita na mchanga haukurudi, hapo unajua unapoteza kweli, na ukuta wa jirani unaweza kuwa umeziba njia yake.

Bahari yenyewe inapanda, hilo halina ubishi. Duniani kwa wastani imepanda sentimita 20 hivi tangu 1901, na kati ya 2006 na 2018 ilikuwa inapanda milimita 3.7 kwa mwaka. Ni kidogo kwa macho, lakini ufukwe wenu ni tambarare, sentimita chache za kina zinakula mita za nchi kavu. Ufukwe ulioachwa huru husogea nyuma na kubaki ufukwe. Ukiubana kati ya bahari na ukuta, unakosa pa kwenda.

Lakini mengine tunayafanya kwa mikono yetu. Mchanga wa pwani unaletwa na mito, na mwingine unatoka kwenye matumbawe. Samaki aitwaye pono anatafuna tumbawe na kutoa mchanga, ni kweli kabisa. Tukivua pono wote, tukavunja miamba kwa baruti, tukachota mchanga mtoni, ufukwe utajengwa na nini? Yale majani mnayofagia yanashika mchanga na kupunguza makali ya wimbi. Acheni angalau ule mstari wa juu kabisa. Na ile mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau msiing'oe, inashika mchanga kuliko mvinje, ambao mizizi yake haiendi chini sana.

La mwisho ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Usianze ukuta kabla hujaenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, unaweza kuuza shamba halafu ukaambiwa ubomoe.

Mkazi wa Kunduchi:
Naunga mkono. Huku kwetu wakubwa wanaikumbuka hoteli ya Africana, iliachwa baada ya bahari kula ufukwe. Miaka hiyo mchanga ulikuwa unachotwa sana kwenye mito ya Tegeta na Mbezi kwa ajili ya ujenzi. Wenye hoteli wakaweka matuta ya mawe kuingia baharini, kila mmoja kivyake. Upande mmoja wa tuta mchanga unajaa, upande wa pili unakwisha. Mtu mmoja akijiokoa peke yake, mwenzake anaumia. Kaeni kama kijiji, na jirani mwenye ukuta awepo.

Mswahili wa Den Haag:
Nipo Uholanzi, nchi ya kuta za bahari. Hata hawa, karibu na hapa ninapoishi, mwaka 2011 walimwaga mchanga mita za ujazo milioni 21.5 kutoka chini ya bahari, wakauachia upepo na mawimbi yausambaze pwani. Pesa hizo kijiji hakina, najua. Ila ona wanacholinda ufukwe nacho: mchanga.

Fundi Mawe:
Mkuu, mabanda yako ni ya nini, matofali au miti na makuti?

Mtoto wa Mnazini:
Miti na makuti, sakafu tu ndiyo saruji.

Fundi Mawe:
Basi yanahamishika! Lile la mbele, vijana sita, siku nne mpaka tano. Ni sehemu ndogo sana ya bei ya ukuta.

Mtoto wa Mnazini:
Wakuu, Mungu awalipe. Nimemsomea mama majibu yote jana usiku. Alipofika kwa Bi Mchu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama nyuma ya kisima panatosha mabanda mawili. Panatosha. Shamba haliuzwi.

Vigingi nimepiga leo asubuhi, reki nimeifungia stoo. Mwenyekiti wa kijiji ameahidi kikao na jirani atakuja. Mnazi wa baba sidhani kama utavuka kusi hii, nimeokota nazi zake tano, nimeziotesha nyuma ya kisima. Bamvua ijayo nitaleta vipimo hapahapa.