MJADALA: Nakala ya filamu ya zamani ya roki ipimwe kwa mng'ao wake, au kwa uaminifu wake kwa picha na sauti ya asili?

Mleta mada, Mtwara (Shangani)

Wadau wa muziki na filamu,

Naleta mbele yenu suala ambalo limetugawa sisi tunaoandaa maonyesho ya filamu za muziki hapa Shangani. Filamu tuliyokubaliana kuionyesha ni ile ya bendi ya Queen iliyopigwa Montreal, Kanada, tarehe 24 na 25 Novemba 1981. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na hilo peke yake limetosha kuwavuta hata watu wasio na mazoea ya kusikiliza roki. Kuhusu filamu hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye nakala, kwa kuwa tunazo mbili: ya kwanza ni diski ya Blu-ray, na ya pili ni faili lililoletwa kwenye flashi, ambalo aliyelitengeneza amelipitisha kwenye programu ya kompyuta ya kusafisha na kukuza picha. Wenzangu wengi walipoziona zote mbili walisema ya pili ndiyo bora, kwa sababu haina "vumbi" na rangi zake zinawaka. Mimi nasema ya kwanza ndiyo bora, tena kwa mbali sana, na ningependa wadau wa Mtwara na Lindi tulijadili jambo hili kwa hoja kabla ya siku ya onyesho.

Hoja yangu ya msingi ni kwamba huwezi kupima ubora wa nakala kabla ya kujua filamu yenyewe ilipigwa kwa kitu gani. Maonyesho ya Montreal yalipigwa kwa filamu ya milimita 35, yaani ukanda wa plastiki uliopakwa kemikali zinazobadilika zinapopigwa na mwanga. Picha ya ukanda huo haikupangwa kwa nukta zilizonyooka safu kwa safu kama za kioo cha runinga. Imeundwa na chembe ndogo zisizo na mpangilio, ambazo hubadilika kutoka fremu moja (yaani picha moja ya ukanda) hadi nyingine, kwa kawaida fremu 24 kwa sekunde, na jicho huzijumlisha likapata sura ya mtu. Kile ambacho wenzangu wanakiita vumbi ndizo chembe hizo. Hazikuja kukaa juu ya picha baadaye, bali picha yenyewe ndizo. Vumbi halisi, mikwaruzo na uchafu ulionasa kwenye ukanda ni jambo jingine kabisa, na fundi anayeuondoa fremu kwa fremu anafanya kazi ya kupongezwa.

Sasa, programu inapoamriwa iondoe chembe, haina njia ya uhakika ya kutofautisha chembe na uzi wa nguo, au chembe na tone la jasho. Kila kidogo kinachotetemeka hukilainisha. Ninawaomba mliozitazama nakala zetu mrudie kuangalia nywele za Brian May, mpiga gitaa wa Queen, pale taa ya nyuma ya jukwaa inapozipiga. Kwenye diski utaona msokoto juu ya msokoto, na pembeni kabisa utaona nyuzi mojamoja zikipita mbele ya mwanga. Kwenye faili la flashi, nywele hizohizo zimekuwa bonge moja jeusi lililozungushiwa mstari mweupe, kana kwamba mtu alikuja kuuchora kwa kalamu. Kisha muangalie uso wa Freddie anapokaribia kamera. Kwenye diski jasho lina matone, na ngozi ina vinyweleo; kwenye faili, shavu lake limekuwa la kinyago kilichopigwa msasa kupita kiasi.

Wapo watakaouliza kama kukuza picha hadi 4K si maendeleo. Ni maendeleo, pale ambapo asili ina cha kutoa. DVD ya PAL (mfumo wa runinga tuliourithi) hubeba nukta 720 kwa 576, Blu-ray hubeba 1920 kwa 1080, na 4K ya nyumbani hubeba 3840 kwa 2160, ilhali ukanda wa milimita 35 uliopigwa vizuri una mengi kuliko DVD inavyoweza kumeza. Ndiyo maana filamu hii ya Montreal iliweza kuonyeshwa kwenye kumbi za IMAX, zenye skrini kubwa sana, mwaka 2024, zaidi ya miaka 40 baada ya kupigwa. Linganisheni na onyesho la bendi hiyohiyo kwenye uwanja wa Wembley, London, Julai 1986, ambalo lilirekodiwa kwa kanda za video za runinga. Hapo hakuna ukanda wa filamu wa kurudia kuskani; kilichomo kwenye kanda ndicho kilichopo, na anayekuuzia nakala ya 4K ya onyesho hilo anakuuzia nukta zilizobuniwa na kompyuta. Nakala ya Wembley yenye ukungu kidogo inaweza ikawa ndiyo bora kuliko zote za Wembley, na kuihukumu kwa kipimo cha Montreal ni kuionea.

Kuhusu umbo la picha sitasema mengi, kwani kosa lake huonekana hata na mtoto: filamu ya tamasha la Woodstock la Agosti 1969 iligawanya skrini kwa picha mbili au tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo nakala iliyokatwa pembeni ili ijaze runinga ya zamani ya mraba inaondoka na mwanamuziki mzima. Suala la sauti nimeliacha makusudi, kwa kuwa wamo humu wanaolijua kunizidi.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza, Lindi Mjini

Nimeisoma hoja ya mleta mada kwa makini na ninaiheshimu, ila naona ameizungumzia nakala kana kwamba inatazamwa na mtu mmoja aliyekaa karibu na kioo, kwenye chumba chenye giza. Mimi nina banda la video hapa Lindi. Kuta ni za mabati, mwanga wa mchana unapenya kila mahali, na mtazamaji wa nyuma yuko mbali na runinga kiasi kwamba uzi wa nywele hawezi kuuona hata ukiwepo. Anachokiona ni kama picha ina mwanga wa kutosha, na kama uso wa mwimbaji unatambulika.

Kuna jambo jingine ambalo mleta mada hakuligusa. Sisi huku mafaili yetu ni madogo, kwa sababu bando ni ghali na flashi moja inabeba filamu nyingi. Chembe za filamu ni adui mkubwa wa faili dogo, kwa kuwa programu ya kubana faili inahifadhi nafasi kwa kurudia kile ambacho hakijabadilika baina ya fremu na fremu, na chembe hubadilika kila fremu. Ukiibana filamu yenye chembe nyingi ndani ya megabaiti 700, hupati chembe. Unapata viraka vya miraba vinavyotambaa kwenye sehemu za giza. Hapo filamu iliyosafishwa kwanza inatoka ikiwa nzuri kuliko ile ambayo haikuguswa.

Na mwisho, tusisahau kazi ya mwongozaji wa filamu Peter Jackson. Picha za bendi ya Beatles zilizopigwa Januari 1969 kwa filamu ya milimita 16 zilisafishwa kwa nguvu kubwa kabla ya kutolewa kama mfululizo mwaka 2021, na mashine ikatumika kutenganisha sauti za mazungumzo na magitaa yaliyokuwa yamezifunika. Vijana wanaitazama kazi hiyo bila kuhisi kwamba wanatazama kitu cha kale. Je, hayo nayo tuyaite uharibifu?

Mchangiaji wa pili, Mikindani

Mimi ni mpiga gitaa, na nitasema kuhusu sauti tu. Nchi yetu ilirithi mfumo wa PAL, ambao huenda kwa fremu 25 kwa sekunde. Filamu iliyopigwa kwa fremu 24, ilipowekwa kwenye DVD ya PAL, mara nyingi iliharakishwa kidogo ili ilingane na mfumo, na ongezeko hilo ni kama asilimia 4. Kwa filamu ya mapigano huwezi kulihisi. Kwa filamu ya muziki ni balaa, kwa sababu sauti nayo hupanda karibu asilimia 70 ya nusu toni (hatua ya kibao kimoja cha gitaa), isipokuwa mtengenezaji awe ameirekebisha. Tyuni gitaa lako sawasawa, kisha jaribu kupiga pamoja na nakala ya namna hiyo: kila nyuzi yako itasikika iko chini, na ukipandisha nusu toni nzima utakuwa umepitiliza. Huwezi kuipata popote. Mwimbaji naye anasikika mwembamba kuliko alivyo. Ninashangaa watu wanavyobishana juu ya nywele wakati wimbo wenyewe hauko kwenye ufunguo wake.

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili, na nianze na ndugu wa Lindi kwa sababu hoja yake ya faili dogo ni ya kweli na ina uzito. Kama chombo ni megabaiti 700, kupunguza chembe kabla ya kubana ni afadhali kuliko kuacha miraba itambae kwenye uso wa mtu. Hata hivyo, hiyo ni hukumu juu ya chombo. Ukisema "nakala hii inafaa banda langu" nitakubaliana nawe. Ukisema "nakala hii ni bora" nitapinga, kwa sababu mwenye projekta na diski akikufuata ataonyeshwa kitu pungufu huku akiambiwa ndicho kizuri. Nasikitika kila ninapoona kijana anaitazama Blu-ray nzuri ya filamu ya zamani na kuiita mbovu, kwa vile tu amezoea nyuso zilizolainishwa. Mwanga nao hauhitaji kuongezwa ndani ya faili. Runinga ina mahali pake pa kuuongeza kwa ajili ya banda la mabati, na kuupunguza usiku unapoingia.

Kazi ya Peter Jackson naigawa mara mbili. Upande wa sauti ninaupokea kwa moyo wote, kwani maneno yale yalikuwamo kwenye rekodi na mashine ikayatoa yalikofunikwa. Sisi tunayasikia mazungumzo ambayo yalikuwa yamezama. Upande wa picha, mtazamo wangu haubadiliki: nyuso ni laini mno, na mikunjo ya nguo imepotea mahali pengi. Ila ile ni kazi mpya ya mwongozaji mpya, iliyochotwa katika takriban saa 60 za picha, na amejiwekea sura anayoitaka. Filamu ya onyesho la Montreal ilikwisha kuwa filamu kamili. Anayeiweka kwenye diski hana ruhusa hiyo.

Kwa ndugu wa Mikindani, naona umetupatia kipimo ambacho hakihitaji kifaa cha gharama. Hata asiye na gitaa anaweza kuangalia saa: filamu ya dakika 96 iliyoharakishwa kwa namna hiyo huisha kwa dakika kama 92 bila kukatwa chochote. Ninaongeza jambo dogo kwa wenye runinga mpya. Nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa mpangilio wa kulainisha mwendo, ambao hubuni fremu za katikati na kuifanya filamu ionekane kama taarifa ya habari iliyorushwa moja kwa moja. Mwigizaji Tom Cruise alitoa video mwaka 2018 akiwasihi watazamaji wauzime. Mpiga ngoma ndiye huumia zaidi, kwa sababu fimbo zake zikienda kasi mashine hushindwa kuzifuata na kuziacha na kivuli. Uzimeni kwanza, ndipo muihukumu nakala.

Napendekeza hivi kwa onyesho letu. Kabla ya filamu kuanza, tutaonyesha wimbo mmoja kwa nakala zote mbili, kwa projekta ileile na kwa kiwango kilekile cha sauti, bila kuwaambia watazamaji ipi ni diski na ipi ni faili, kisha kila mmoja aseme ameona nini kwenye nywele, kwenye ngozi na kwenye fimbo za ngoma. Ndugu wa Lindi aje na faili lake lililobanwa, tuliweke kuwa la tatu. Ndugu wa Mikindani aje na gitaa lililotyuniwa. Anayeona utaratibu huu una upendeleo aseme sasa, na aeleze ni wapi.