Refa amekataa "waqf" na kamusi iko mbele yake! Mtoto wetu wa Amu amekosa nini?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimejizuia siku tatu nisiandike na hasira, na hasira haijashuka. Basi acha niandike nayo.

Ijumaa tulitoka Amu, mimi na mtoto wa dada yangu aliye kidato cha pili. Boti hadi Mokowe, kisha basi, tukalala kwa jamaa Malindi ili asubuhi awahi mashindano ya shule ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga kete za herufi ubaoni ziwe maneno, kila herufi na alama zake. Msichana huyu hana mkufunzi. Kila jioni akitoka madrasa anakaa barazani na daftari lake la maneno mafupi ya Kiingereza, yale yenye Q, Z, X na J, na kila neno ameliandikia maana kwa mkono wake, maana hataki kukariri herufi tupu kama kasuku.

Mchezo wa tatu alikuwa anaongoza kidogo. Mkononi ana W, Q na F, ubaoni kuna A iliyoachwa wazi, na pembeni yake nyumba ya kuzidisha neno mara mbili. Akaweka WAQF. W ni 4, A ni 1, Q ni 10, F ni 4, jumla 19, mara mbili 38. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaiona kete ya Q inavyotetemeka kidoleni kabla hajaishusha.

Mpinzani akapinga. Sina neno naye, kupinga ni haki ya mchezaji. Lakini mwamuzi, naye ni mwalimu wa Kiingereza, alitupa jicho mara moja tu akasema, "Ondoa. Q haiendi bila U. Na hilo ni neno la msikitini, si Kiingereza."

Mtoto akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, naomba tutazame kamusi."

Na kamusi ilikuwa pale pale mezani! Ile orodha ya Collins ya maneno halali ya Scrabble, waliyokubaliana asubuhi kuwa ndiyo itakayoamua. Ilikuwa imekalishwa juu ya karatasi za alama zisipeperushwe na upepo wa kusi. Mwalimu akajibu, "Nilianza kufundisha Kiingereza wewe hujazaliwa." Hakuigusa.

"Waqf" imo. Imo katika orodha ile ile, na maana yake ni hii hii tunayoijua sisi: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi. Kisima cha nyuma ya nyumba ya babu yake mtoto huyu ni wakfu. Amechota maji pale tangu hajajua kusoma. Leo anaambiwa hajui anachokiandika?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Katika mchezo huo huo mpinzani aliweka "za", mwamuzi akatikisa kichwa kukubali. "Za" ni nini? Ni piza iliyokatwa kichwa, mkato wa mitaani wa Wamarekani. Baadaye akaweka "cwm", neno lisilo na irabu hata moja, ambalo ni bonde kwa lugha ya watu wa Wales. Likakubaliwa. Sawa, yote mawili ni halali, na wala sitaki yafutwe. Nauliza tu: bonde la Wales limeingia Kiingereza bila kuulizwa kitambulisho, kwa nini wakfu wetu usimamishwe mlangoni?

Hiyo sheria ya "Q lazima ifuatwe na U" ni ya kufundishia watoto wa darasa la pili tahajia. Kwenye Scrabble inaua. Kete ni 100, Q ni moja tu, na U ziko 4, mara nyingi zimekwisha kabla hujaipata hiyo Q. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930, alikaa akihesabu herufi magazetini ajue ipi hutumika sana na ipi ni adimu, ndiyo Q ikapewa 10. Mchezaji mzuri anajulikana anavyoitoa bila U. Ana "qi", ambayo kwa Wachina ni nguvu ya uhai. Ana "qat", na hiyo si kitu kingine bali miraa, ile ile inayotoka Meru ikashushwa gatini kwetu. Kisha tazameni zilizobaki: "suq" ni soko, "qadi" ni kadhi, "talaq" ni talaka, "qibla" ni kibla, "faqir" ni fakiri, "niqab" ni nikabu. Ndugu zangu, ni nani mwenye maneno haya karibu na ulimi kuliko mtoto wa Amu? Wengine wanayakariri miezi. Wetu amezaliwa nayo, kazi yake ilikuwa kujifunza tahajia tu, na akajifunza. Ile faida moja aliyokuwa nayo ndiyo akanyang'anywa.

Matokeo: zamu ile akapata sifuri. Mwisho Q ikamganda mkononi, kwa hiyo akakatwa 10 na mwenzake aliyemaliza akaongezewa 10. Alishindwa 241 kwa 272, tofauti 31. Zile 38 na hizi 20 hesabuni wenyewe.

Nilimfuata mwamuzi baada ya mchezo, kwa upole, nikamwomba afungue kitabu. Akaniambia matokeo yameshasainiwa.

Njia nzima hadi Mokowe mtoto hakusema kitu. Tulipopanda boti ndipo akaniuliza, "Mjomba, niyafute yale ya Kiarabu kwenye daftari?" Wallahi nilikosa la kumjibu mpaka tunafika gatini.

Kombe siwadai, mwenzake amelichukua, alibebe. Nataka mchezo ule urudiwe, au angalau matokeo yasahihishwe kwa maandishi, na mtoto aambiwe na mwalimu yule yule kwamba neno lake lilikuwa sahihi. Na muhula ujao neno likipingwa kitabu kifunguliwe, hata kama mwamuzi amefundisha miaka 40.

Walimu wa Malindi mlio humu, baadhi yenu mlikuwepo ukumbini na mliona. Anayekaa karibu naye amfikishie ujumbe: afungue kwenye W.