Kanda yangu ya 1998, naihamishiaje kwenye kompyuta?

Wakuu, nimeokota kanda ya C-60 (kaseti ya dakika 60) niliyorekodi chumbani, Tanga, 1998. Redio kaseti ya mjomba, REC na PLAY kwa pamoja. Gitaa lina nyuzi nne, narap kwa sauti nzito ya kujilazimisha, na katikati ya ubeti wa pili mama anauliza nani kamaliza maji ya mtungi. Naihamishaje?

Jibu la 1: Usiipige kwanza! Ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe, utepe ulegee. Safisha hedi (kile kichuma cha redio kinachosoma utepe) kwa pamba na spiriti. Halafu waya kutoka tundu la hedifoni mpaka tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Fungua Audacity (programu ya kurekodi sauti), rekodi, hifadhi kwa WAV (faili lisilopunguza ubora wa sauti), MP3 baadaye.

Jibu la 2: Una bahati. Yangu dada alirekodi taarab juu yake. Kosa langu, vile viplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti, ukivivunja hairekodiki tena, sikuvivunja.

Muulizaji: Imekubali, mkuu. Mwanzoni inakwaruza kidogo. Mashairi yangu ni aibu tupu, ila sauti ya mama imetoka safi kabisa. Nimemtumia. Anasema swali la maji bado hajajibiwa.