Starlet zinazotembea Dar zimebaki ngapi?

Mtoto wa Tabata:
Wakuu, heshima kwenu. Mwaka 2004 mzee alinunua gari, Toyota Starlet EP91 nyeupe, namba ya usajili inayoanza na A. Ndiyo iliyotupeleka shule, ndiyo iliyompeleka mama leba akamzaa mdogo wetu wa mwisho. Mzee alifariki mwaka juzi, gari nikabaki nayo mimi.

Zamani tukienda Posta, mimi na dada tulikuwa tukizihesabu dirishani. Kabla ya Buguruni mmoja wetu ameshafika kumi. Jana nimepita njia ileile nikaona mbili tu, na moja imelala chini ya mwarobaini, tairi zote hazina upepo, kuku wanatagia siti ya nyuma. Imeniuma sana.

Kuna mahali naweza kujua zimebaki ngapi? TRA wanayo hesabu? Na natafuta taa ya nyuma, kushoto.

Wakala Forodhani:
Hesabu ya TRA ni ya zilizosajiliwa, siyo zinazotembea. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo gari iliyokufia uani haidaiwi kitu, na mwenyewe haoni sababu ya kwenda kuifutia usajili. Uingereza gari inayolala lazima itolewe taarifa, ndiyo maana wanaweza kuhesabu. Hapa kwetu ungeangalia bima. Hata bima ndogo hakuna anayeikatia gari ya kuku.

Fundi Gerezani:
Starlet nimezishika tangu 1998. Toyota waliacha kuzitengeneza 1999, Vitz ikachukua nafasi, kwa hiyo hata iliyo changa ina miaka zaidi ya 25. Injini yake ya 4E haiwezi kukusumbua kwa spea, imefungwa pia kwenye Corolla na Corsa. Shida ni bodi: taa, bampa, vitasa vya milango. Hivyo vinatoka kwa mwenzake aliyekufa, hakuna njia nyingine.

Na nyingi hazikufa kwa uzee, zimeuliwa na maji ya kisima. Watu wanajaza maji ya chumvi badala ya kulanti ya kupozea injini. Nikifungua kofia ya rejeta nakuta kutu nzito kama uji wa ulezi. Ikichemka mara mbili hedi ya injini imepinda, mwenyewe anaambiwa auze chuma chakavu. Gari nzuri kabisa!

Binti Kigamboni:
Yangu nyekundu, inavuka pantoni kila asubuhi. Ihesabu.

Mtoto wa Tabata:
Shikamoo fundi. Ile ya mwarobaini taa yake ya kushoto ni nzima. Nikamwombe mwenyewe aniuzie?

Fundi Gerezani:
Marahaba. Usianze na taa, mwanangu. Muulize kwanza gari nzima anauzaje. Tairi kukosa upepo si kifo. Chomoa stiki ya oili: ikiwa nyeusi ni uchafu tu, ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Na taa yako iliyovunjika usiitupe, njoo nayo. Kwenye kioo chake kuna namba, nitatafuta kwa namba hiyo.

Mtoto wa Tabata:
Nimetoka kwake sasa hivi. Oili nyeusi. Kadi ya gari bado anayo, na watoto wake wameanza kuwahamisha kuku.